Uzi: Kujifunza lugha mpya kwa simu ya mkononi, tukianzia kwenye Kiswahili chetu

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wa Mombasa na kwingineko, salamu kwenu nyote. Nimeona niandike kwa urefu juu ya jambo ambalo huulizwa mara kwa mara na vijana ninaowafundisha Kijerumani na Kiitaliano jioni huku Kisauni: mtu mwenye simu ya mkononi, asiye na fedha za kulipia darasa, anaweza kufikishwa wapi na simu hiyo katika lugha asiyoijua? Jibu langu ni kwamba anaweza kufika mbali sana, mradi ashike mambo mawili ambayo programu nyingi hazimwambii. Kwanza, ajifunze lugha hiyo kwa kupitia Kiswahili badala ya kupitia Kiingereza. Pili, aitumie simu kwa sikio na mdomo zaidi kuliko kwa kidole.

Haja ya lugha mjini kwetu haihitaji kuelezwa sana. Hoteli za kuanzia Shanzu hadi Diani zimepokea Wajerumani kwa miongo mingi, na ukifika Malindi au Watamu utasikia Kiitaliano hata kwa wauza matunda. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, na wauguzi na mafundi wetu wengi sasa wanakitafuta Kijerumani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wenye kushughulikia mizigo ya huko pale Kilindini wanakutana na Kifaransa kazini. Wanaokwenda Ghuba wanahitaji Kiarabu. Darasa zuri lina ada yake na nauli yake, na mtu anayefanya kazi kwa zamu hotelini hawezi kuhudhuria kila jioni, lakini simu anatembea nayo.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo ninapoona tunapoteza nguvu bure. Duolingo ilifungua kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza mwaka 2017, na nawapongeza wageni wanaojifunza lugha yetu kwa njia hiyo. Lakini Mswahili anayetaka Kijerumani au Kiitaliano, akifungua programu kama hizo, kwa kawaida hulazimika kuchagua Kiingereza kwanza, kisha afasiri kutoka lugha ya pili kwenda ya tatu. Kazi hiyo inachosha, na zaidi ya kuchosha, inamnyima mwanafunzi msaada ambao lugha yake ingempa. Kiingereza cha leo kinatumia neno moja kwa wewe na kwa ninyi. Kijerumani, Kiitaliano na Kiarabu vinatofautisha, kama sisi tunavyotofautisha tangu utotoni, na mwanafunzi anayepitia Kiingereza hulazimika kuuliza upya jambo alilolijua kabla ya kwenda shule. Vivyo hivyo katika upatanisho wa kisarufi: aliyezoea kusema kitabu kizuri na vitabu vizuri hashangai anapoambiwa kwamba Waitaliano husema libro bello na libri belli. Kitenzi cha Kiitaliano, kama chetu, hubeba mtendaji ndani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kutaja mimi au wewe kila mara. Haya yote mwanafunzi wangu huyaelewa kwa dakika chache nikimfundisha kwa Kiswahili, na yuleyule huduwaa nayo akiyasoma katika maelezo yaliyoandikiwa Waingereza.

Upande wa matamshi faida ni kubwa zaidi, na hasa kwa watu wa pwani. Anayetamka vizuri ghali na ghafla tayari yuko karibu kabisa na r ya Wafaransa, na anayetamka kheri kama wazee wetu wanavyoitamka hana shida na ch ya Kijerumani katika jina kama Bach. Irabu zetu tano humtosha mtu kuanza Kiitaliano bila kukoroga maneno, na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho ndio mkazo wa maneno mengi ya Kiitaliano. Kuna jambo moja ambalo kila nikilieleza darasani watu hufurahi. Msemaji wa Kimvita hutofautisha kwa pumzi paa wa mwituni na paa la nyumba, kaa wa baharini na kaa la moto. Wanyama wale wawili hutamkwa kwa pumzi, na vile vitu viwili bila pumzi. Kichina cha Mandarini hutenganisha maneno kwa njia hiyohiyo: herufi b na p za pinyin, yaani tahajia ya Kilatini iliyopitishwa China mwaka 1958, hutofautiana kwa pumzi wala si kwa mghuno, yaani mtetemo wa koo, kama wanavyodhani wanaotoka kwenye Kiingereza. Wenzetu wasemao Kigiriama na Kidigo wana nyongeza nyingine, kwa kuwa lugha zao zina toni na masikio yao yamezoea kusikiliza kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto wa Mji wa Kale au wa Mtongwe anayeambiwa kwamba Kichina hakiwezekani anadanganywa.

Je, yapo masomo yaliyoandaliwa kwa Kiswahili? Yapo, ingawa ni machache. Shirika la utangazaji la Japani, NHK World, limetoa masomo ya Kijapani bila malipo, yenye sauti na maelezo kwa Kiswahili, na unaweza kuyasikiliza kwenye simu. Wenye kutaka Kijerumani wana kozi za bure za Deutsche Welle, hasa ile ya video iitwayo Nicos Weg, inayoanzia kiwango cha A1, cha anayeanza kabisa, hadi B1, cha kati, na pia habari za kila siku zinazosomwa polepole. Kwa lugha ambazo hazina somo la Kiswahili, kazi ya kuweka Kiswahili ni yetu wenyewe, na hapo ndipo kadi zinapoingia.

Kadi ninazozungumzia ni za programu ya Anki, ambayo kwenye simu za Android huitwa AnkiDroid na hupatikana bure. Ya iPhone hulipiwa. Upande mmoja unaandika Kiswahili, upande wa pili lugha unayojifunza, na programu yenyewe huamua lini ikurudishie kila kadi. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akionyesha jinsi kumbukumbu inavyopotea kwa kasi mwanzoni na kisha taratibu, na kwamba kurudia kulikoachanishwa hushinda kurudia kwa mfululizo. Mwaka 1967 Paul Pimsleur, mwalimu wa lugha wa Marekani, alipendekeza ratiba ya kurudia neno baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4 na miaka 2. Hakuna binadamu atakayefuata ratiba kama hiyo kwa daftari kwa mamia ya maneno. Simu hufanya hesabu hiyo bila kuchoka, na kwa maoni yangu hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote inayoweza kumpa mwanafunzi wa lugha.

Lakini kadi ina adabu zake. Usipakue rundo la kadi elfu kadhaa zilizotengenezwa na mtu mwingine. Tengeneza zako, chache kila siku, kutokana na mambo uliyoyasikia au utakayohitaji kuyasema. Andika sentensi nzima badala ya neno pekee. Mhudumu wa hoteli aandike "Chumba chenu kitakuwa tayari saa nane" na "Samahani, samaki wa leo amekwisha", kwa sababu hizo ndizo sentensi atakazozitamka kazini. Akumbuke tu kwamba saa yetu na saa yao hazilingani, hivyo saa nane ya mchana kwake ni saa 14 kwa Mjerumani, na kadi iandikwe hivyo. Kila inapowezekana, ambatisha sauti kwenye kadi. Tovuti ya Forvo ina matamshi ya maneno yaliyorekodiwa na wenyeji wa lugha, na mgeni mpole hotelini au ufukweni hatakataa kukusomea sentensi mbili ukimwomba vizuri na kumweleza kuwa ni za kujifunzia.

Kuhusu idadi ya maneno, watu huogopa bure. Katika Kiingereza, ambako hesabu hizi zimefanywa sana, maneno 2,000 yanayotumika zaidi hufunika takriban asilimia 80 ya maandishi, na katika mazungumzo hufunika zaidi ya hapo. Lugha nyingine nazo zina kiini cha aina hiyo, na ukishakimiliki mazungumzo ya kazini hayakutishi tena.

Nimalizie chapisho hili kwa suala la mdomo, yaani kuisema lugha yenyewe. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Kanada Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Walikielewa vizuri, lakini kusema na kuandika kwao kulibaki nyuma, naye akatoa hoja mwaka 1985 kwamba kusikia peke yake hakutoshi, na kwamba mwanafunzi lazima asukumwe kutoa lugha mwenyewe. Ninayaona hayo kwa kila aliyejifunza kwa kugusa kioo tu: anajua kuchagua jibu sahihi kati ya manne, lakini mgeni akimsimamia mbele ya kaunta, hatoki neno.

Dawa yake iko ndani ya simu yoyote, nayo ni kinasa sauti. Chagua kipande cha nusu dakika, kisikilize mara kadhaa ukiwa na vipokea sauti masikioni, kisha sema pamoja na msemaji ukimfuata nyuma kidogo, na baadaye jirekodi ukisema peke yako. Sikiliza rekodi mbili, yake kisha yako. Kwenye YouTube punguza kasi hadi robo tatu, maana msemaji bado husikika kama mtu na wewe unapata nafasi ya kushika silabi. Kisha fungua kibodi ya lugha hiyo, bonyeza alama ya kipaza sauti na useme sentensi yako. Simu ikiandika kitu kingine kabisa, umejua ni sauti gani ya kurekebisha. Kwa anayejifunza Kichina zoezi hili ni la lazima, kwa sababu toni ikikosewa huandikwa herufi nyingine. Fanya hivyo nyumbani au ukitembea Mama Ngina asubuhi mapema. Ndani ya matatu ya Bamburi yenye muziki, au kwenye kivuko cha Likoni saa za msongamano, rudia kadi kimya kimya na uiache sauti kwa wakati mwingine.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji kutoka Nyali

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu, ila naomba nikupinge kwa heshima. Mimi nimesoma Kihispania kwa kupitia Kiingereza na nimefika pazuri. Kamusi bora, maelezo ya sarufi, video na vitabu vingi vipo kwa Kiingereza, na sisi Wakenya tumesomeshwa kwa lugha hiyo tangu shule ya msingi. Kumwambia kijana aache hazina hiyo yote kwa sababu ya Kiswahili naona ni kumbana. Isitoshe, maneno mengi ya Kihispania na Kifaransa yanafanana na ya Kiingereza, na mfanano huo husaidia sana kukumbuka.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ya mwisho ina uzito na ninaikubali: anayejua Kiingereza vizuri atambue mfanano wa maneno na autumie. Wala sijamkataza mtu kamusi ya Kiingereza. Ninachosema ni kwamba upande wa Kiswahili wa kadi ubaki Kiswahili, na maelezo ya sarufi mtu ayageuze yawe Kiswahili kichwani mwake kabla ya kuyahifadhi. Pia wewe unazungumza kama mtu aliyemaliza shule vizuri. Nina wanafunzi wanaoendesha boti za watalii, wasusi, wapishi, vijana walioacha masomo mapema, na Kiingereza chao si cha kusomea lugha nyingine. Hao wanapoambiwa kwamba mlango wa Kijerumani ni Kiingereza, huona kwamba wao si watu wa lugha, wakati kwao husema Kiswahili na Kidigo, na wengine huongeza Kiarabu cha madrasa. Kwa mtu kama huyo, kukutana na somo linaloanzia kwenye lugha aliyonyonya ni tofauti ya kuendelea na kukata tamaa, na nimeshuhudia hayo kwa watu wengi kiasi kwamba sina shaka nayo.

Mchangiaji kutoka Changamwe

Mimi ni wakala wa forodha, na naunga mkono kwa jambo ambalo mwalimu hakulitaja. Kifaransa changu nimekipata kwa Kiswahili kutoka kwa Wakongomani. Watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi husema Kiswahili chao na Kifaransa pia, na madereva na wafanyabiashara wanaopitisha mizigo hapa huwa tayari kumfundisha mtu bila kumcheka. Nina rafiki mmoja wa Bukavu ambaye kila nikikwama humtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp nikiuliza kwa Kiswahili jambo fulani lasemwaje, naye hunijibu kwa Kifaransa polepole, kisha kwa kasi yake ya kawaida. Jumbe hizo nazihifadhi kwa kuzitia nyota, na nikiwa nasubiri hati bandarini nazisikiliza tena na kuzijibu. Asubuhi husikiliza kipindi cha habari za Kifaransa rahisi cha redio ya RFI, ambacho ni cha dakika 10 na kina maandishi yake. Sisomi yale maandishi kwanza. Husikiliza, hukisia, ndipo nikasoma.

Mwanzisha uzi

Kaka wa Changamwe, hapo umenifundisha. Ujumbe wa sauti una faida ambayo simu ya kawaida haina, kwamba unaweza kuufikiria kabla ya kujibu na kuurudia bila kumuudhi mwenzako. Naomba wenye jamaa Kongo wafanye hivyo hivyo. Na wasio na jamaa huko wafahamu kwamba Kiswahili chenyewe ni mali ya kubadilishana. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig na Bayreuth nchini Ujerumani, katika chuo kikuu cha L'Orientale cha Napoli nchini Italia, na mjini Beijing pia. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Maana yake ni kwamba kuna Mjerumani na Mwitaliano anayemtafuta Mswahili wa kuzungumza naye. Programu kama Tandem na HelloTalk hukutanisha watu wa namna hiyo: nusu ya mazungumzo kwa lugha yako, nusu kwa yake. Kwa dada zetu natoa tahadhari. Anayeacha lugha haraka na kuanza kuuliza picha, hali ya ndoa au fedha, mfungie. Na usimtumie mtu usiyemjua picha ya pasipoti au ya kitambulisho kwa sababu yoyote ile.

Mchangiaji kutoka Likoni

Assalamu aleikum. Mimi ni dada ninayetarajia kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Nilisoma madrasa na kuisoma Qur'ani naisoma, lakini nikifungua video za watu wa huko sielewi karibu kitu. Nimepakua programu ya Kiarabu na inanifundisha yale yale ya kitabuni. Nifanyeje, na muda wangu si mrefu?

Mwanzisha uzi

Wa aleikum salaam, dada yangu. Tatizo unalolieleza ni la kweli na wala si udhaifu wako. Programu nyingi hufundisha Kiarabu fasaha, kinachoandikwa magazetini na kusomwa kwenye taarifa za habari, lakini nyumbani kwa mwajiri utasikia lahaja. Katika lahaja za Ghuba sauti ya qaf mara nyingi hutamkwa g, kwa hiyo kahawa utaisikia ikiitwa gahwa. Na kusema "sana" watu wa Imarati, Kuwait na Katari hutumia wayid, wakati Saudia utasikia marra. Kwa hiyo kwanza ijue nchi unayokwenda, kisha tafuta kwenye YouTube video za lahaja ya nchi hiyo hasa, na upate mtu aliyewahi kufanya kazi huko. Mitaa yetu haikosi kina mama waliorudi. Mwombe mmoja wao akurekodie kwenye simu yako sentensi za jikoni, za watoto na za usafi, kwanza kwa Kiswahili, kisha jinsi zinavyosemwa nyumbani kule. Rekodi moja ya mama kama huyo inakufaa kuliko kozi nzima.

Na kabla ya sentensi za jikoni, zitangulize hizi: naumwa, nataka kwenda hospitali, mshahara wangu haujalipwa, nataka kuzungumza na ubalozi wa Kenya. Zijue kwa moyo, uzitamke bila kutazama popote, na uziandike pia kwenye karatasi pamoja na nambari za simu za watu wako, kwa kuwa simu inaweza kuharibika, kupotea au kuchukuliwa. Ujuzi wako wa madrasa hautapotea hata kidogo. Sauti ngumu kama ayn na ha unazo tayari, na herufi unazisoma. Wageni wengi huhangaika na hayo kwa miezi.

Mchangiaji kutoka Mikindani

Mimi ni muuguzi. Nimeona matangazo ya watu wanaosema kwamba ukimaliza kozi yao ya simu unapata cheti cha Kijerumani cha kuombea viza. Je, ni kweli? Na hizi programu za akili unde zinazozungumza na mtu, zinafaa?

Mwanzisha uzi

Dada muuguzi, cheti kinachotolewa na programu ya simu hakitakusaidia kwenye viza. Viwango vya A1 hadi C2 unavyovisikia vinatokana na mfumo uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na vyeti vinavyotambuliwa hutoka kwa watahini maalumu kama Goethe-Institut, ÖSD na telc, ambako mtu hufanya mtihani wa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu Ujerumani kwa kawaida huhitaji B2. Simu itakuandaa, hasa kwa sehemu ya kusikiliza na kuzungumza, lakini tenga fedha za mtihani wenyewe tangu mapema, na anayekuahidi cheti bila mtihani usimpe hata shilingi.

Programu za akili unde ninazipendekeza kwa kazi moja: mazoezi ya mazungumzo. Iambie iwe mgonjwa mzee wa Kijerumani anayelalamika maumivu ya kifua, nawe uwe muuguzi unayemuuliza maswali, kisha iombe ikurekebishe mwishoni. Haichoki wala haikuonei haya ukirudia mara kumi. Usiitegemee kwa maelezo ya sarufi kwa Kiswahili bila kuyalinganisha na kitabu au mwalimu, kwani huweza kusema jambo la uongo kwa ufasaha mkubwa. Na habari za wagonjwa wako wa kweli zisiingie humo kabisa.

Mchangiaji kutoka Mji wa Kale

Wanangu, mimi ni mzee, nimestaafu bandarini. Wajukuu wangu wawili wamezaliwa Italia na Kiswahili chao ni kidogo, nami nataka niweze kusema nao kwa lugha yao japo mambo ya kawaida. Simu yangu ni mulika mwizi. Je, uzi huu unanihusu, au ni wa wenye simu kubwa peke yao?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wetu. Unakuhusu sana. Simu nyingi za vitufe zina nafasi ya kadi ya kumbukumbu na hupiga faili za sauti, na kwa kujifunza kusikia na kusema hiyo inatosha kuanzia. Njia ninayokushauri ni hii: mzazi wa watoto hao akae nao, arekodi sentensi fupi fupi kwa mpangilio mmoja, kwanza kwa Kiswahili, kisha kimya cha sekunde tano, kisha mtoto aiseme kwa Kiitaliano mara mbili. Kile kimya ni muhimu, maana humo ndimo wewe utakapojaribu kuisema kabla ya kusikia jibu. Waanze na salamu, chakula, shule, mchezo, hali ya hewa, na maswali ambayo babu huwauliza wajukuu, na kila faili isizidi dakika tatu. Sauti za watoto wenyewe zitakuzoesha matamshi yao hasa, na wao nao watakuwa wanajifunza Kiswahili wakirekodi.

Jihadhari na konsonanti mbilimbili za Kiitaliano, kwa sababu Kiswahili hakina kitu kama hicho. Pala na palla ni vitu viwili tofauti, la kwanza sepetu na la pili mpira, na tofauti iko katika kuikalia l kidogo zaidi. Hilo ukilizoea, mengine ya matamshi hayatakusumbua.

Faili zikishatumwa kwa WhatsApp kwa kijana yeyote nyumbani, azipe majina yanayoanza kwa 01, 02, 03 na kuendelea, ili simu izipige kwa utaratibu, kisha fundi wa simu azitie kwenye kadi yako. Jumbe za sauti za WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo ambao simu nyingi za vitufe haziusomi, kwa hiyo mwambie fundi azigeuze kuwa MP3 kabla ya kuzihamisha, na azijaribu kwenye simu yako ukiwa hapo hapo.